Mikono Yangu Kwenye Msafara wa Zohali

Jumatatu, 6 Juni 1988

Mvua. Wateja wachache. Habari kubwa.

Morio kapiga simu kutoka studio. Zile kaseti nne za katuni, Msafara wa Zohali, zinakatwa na kuunganishwa ziwe filamu moja ya sinema. Mwanangu ndiye aliyezichora. Wapo na wachoraji wengine, wengi tu, lakini mimi nilizaa mmoja.

Maana yake mikono yangu inaingia sinema. Kwenye kaseti ya tatu, kabla ya vita kubwa, bibi mpishi wa chombo cha angani anamenya figili nyeupe. Anaizungusha kwenye kisu na unatoka ukanda mmoja mwembamba, mrefu kama kitambaa, haukatiki. Mikono ile ni yangu. Morio alikaa jikoni kwangu kipupwe kizima akinichora huku namenya figili za achari ya duka. Kila anayekuja kununua achari namwonyesha, televisheni iko juu ya friji. Hadithi yenyewe siifuati sana. Kuna kijana wa nywele za buluu, analia mara kwa mara. Mikono naifuata.

Bi Iwasawa wa duka la tofu ya soya ameiona kuliko wote, na kila mara anauliza kile kisanduku kilicho rafuni, nyuma ya kichwa cha bibi, ni cha nini. Nimemwambia aangalie mikono.

Jioni, mkutano wa wanawake wa mtaa wetu wa maduka. Safari ya mwaka: Hakone, kuoga maji moto. Nikasimama. Nikasema maji moto yapo siku zote, lakini mikono ya jirani yako ikiwa mikubwa kuliko nyumba utaiona mara moja tu maishani. Twende sinema Ikebukuro mwezi wa nane. Bi Iwasawa, ambaye mwanawe yuko benki na hatupi nafasi ya kulisahau hilo, akauliza kama kucha nazo zitakuwa kubwa hivyo. Kama ndivyo, Mama Morio aanze kuzisugua leo. Wakacheka mpaka basi. Kisha wakanyoosha mikono. Hakone imefutwa.

Jumapili, 12 Juni

Morio kaja na nguo zake chafu. Kakonda, lakini kwa uzuri, kama baba yake marehemu. Nikampa wali na samaki, nikamsimulia habari ya Hakone. Akaacha kutafuna.

Akanieleza. Kaseti nne ni saa mbili. Filamu ni saa moja na nusu. Nusu saa lazima itupwe. Mwongozaji anataka vita, anataka kijana wa nywele za buluu. Anayeshika mkasi anaitwa Sugaya, na kwa Sugaya figili iko mbele kabisa katika vitu vya kutupwa.

Akaniuliza nimewaambia watu wangapi. Nikasema wachache. Mtaa mzima ni watu wachache, ukiulinganisha na Tokyo.

Akaniomba niwaambie ukweli mapema, waende zao Hakone. Nikamwambia bila shaka. Sitawaambia.

Jumatano, 15 Juni

Nimefunga duka asubuhi. Nimevaa kimono, mvua au si mvua. Ndoo ya achari mkononi, ile bora, iliyolala kwenye pumba za mchele mpaka ikasahau kuwa ni mboga.

Nilidhani studio ni jengo la vioo. Ni chumba juu ya fundi baiskeli. Moshi wa sigara, vikopo vya tambi vitupu, vijana ambao hawajanyoa. Mmoja amelala chini ya meza, miguu nje. Nikamruka.

Katikati yao nikamwona mtu mmoja tu wa maana. Tai. Shati jeupe. Nywele zimechanwa. Kasimama mbele ya mashine, anafikiri. Nikajua ndiye. Mtu anayeshika mkasi wa filamu nzima hawezi kukosa tai. Nikainama mpaka kiuno kikalia. Nikamweleza yote: Morio kukua bila baba, figili, mikono, Hakone. Alinisikiliza kwa adabu sana. Macho yakamlengalenga. Akasema mama yake naye alikuwa akitengeneza achari, na kwamba ingekuwa juu yake yeye, figili isingeguswa. Akapokea ndoo kwa mikono miwili.

Nikamruka tena yule wa chini ya meza, nikarudi nyumbani mshindi.

Jioni Morio kapiga simu. Fundi wa mashine ya kutoa nakala anashukuru sana kwa achari. Sugaya ndiye aliyekuwa amelala chini ya meza.

Ijumaa, 1 Julai

Nimepata njia. Nashangaa sikuiona mapema.

Msimu wa zawadi za kiangazi umeanza. Kila mtu anampelekea zawadi aliyemfadhili. Sugaya hajanifadhili bado, lakini atanifadhili, kwa hiyo namshukuru mapema. Na zawadi kwetu haikai bure. Aliyepokea anatembea na mzigo mpaka arudishe. Mtu mwenye achari yangu tumboni, aliye na deni langu kichwani, atainuaje mkasi kukata mikono iliyomlisha?

Anwani ya nyumbani kwake nimeipata kwenye droo ya Morio, kwenye kadi za mwaka mpya. Nimetuma biringanya na matango.

Jumanne, 5 Julai

Mchukuzi wa duka kubwa la Ikebukuro kaleta boksi. Tambi nyembamba za kiangazi, zimefungwa utepe. Kadi: asante sana, Sugaya. Nimezipima kwa macho. Thamani ile ile ya achari yangu, haizidi, haipungui. Mzigo kautua mara moja. Mjanja.

Nimetuma plamu zenye chumvi, za mtungi nilioujaza mwaka aliozaliwa Morio. Tuone atarudisha nini cha umri huo.

Jumatatu, 11 Julai

Karudisha mafuta ya kupikia. Nikatuma kabichi. Zikaja sabuni. Nikatuma figili, pipa zima, apate kuelewa. Leo limekuja tunda la tikiti ndani ya sanduku la mbao, limelazwa kama mtoto wa mfalme. Hata nilipotolewa kibole hakuna aliyeniletea tikiti la namna hii.

Bi Iwasawa alikuwa anapita. Akasimama mlangoni akauliza nani mgonjwa. Nikamjibu hakuna mgonjwa, watu wa filamu hutuletea vitu. Akaligusa sanduku kwa kidole. Akasema basi hao watu wa filamu wana moyo, mwanawe benki huletewa kalenda. Nikamkatia kipande kikubwa. Mimi si mtu mbaya.

Jioni kaja Morio, hasira mpaka masikioni. Achari Sugaya anaihamishia kazini, studio nzima inanuka pumba. Kazi imechelewa, Sugaya kutwa anawaza arudishe nini. Mkewe anapanga foleni Ikebukuro kila siku, mvua inamnyeshea. Mwanangu akaniambia:

"Mama, mtu ana filamu ya kumaliza."

Nikamwambia basi aimalize, figili ikiwa ndani.

Alhamisi, 14 Julai

Nimeshinda. Naandika polepole ili niifaidi.

Sugaya kapiga simu mwenyewe. Sauti ya mtu aliyechoka. Kasema mkewe kamwambia achague: ama figili inabaki ndani ya filamu, ama yeye anarudi kwa wazazi wake. Kwa hiyo figili inabaki yote, haitolewi hata picha moja. Ila ananiomba nisitume kitu tena. Nikamwambia sijui anazungumzia nini, zile zilikuwa achari tu za jirani mwema.

Kisha akaanza mambo ya ufundi. Kaseti zilichorwa kwa ajili ya televisheni, na televisheni inakaribia kuwa mraba. Kitambaa cha sinema ni kipana. Ili picha ikijaze, lazima inyolewe, juu au chini. Kila picha wanaichagulia. Na hii, kwa kuwa imemtesa hivi, anaona ni heshima aniulize mimi: abakize upande wa juu au wa chini?

Sikuhitaji kufikiri. Juu.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia Bwana Sugaya, ukoo wetu wa Kuramochi haujawahi kuchagua chini. Akasema, "Lakini mama, ile mikono..." Nikamjibu mikono haijambo, asante kwa kuuliza, amsalimie mkewe. Nikakata simu.

Nimesugua kucha.

Jumamosi, 20 Agosti

Ikebukuro. Jua kali. Wanawake wote wa mtaa, kofia na feni za mkono, kila mmoja na chakula chake. Achari ilitoka kwangu. Sinema imejaa vijana wa kiume wenye miwani, wanatutazama kama tumekosea mlango. Morio kakaa nyuma kabisa, mkao wa mtu anayengoja daktari. Mimi kiti cha katikati. Bi Iwasawa pembeni yangu, nilimchagulia mwenyewe, aione vizuri.

Vita. Kijana wa nywele za buluu kalia, safari hii machozi makubwa kama magodoro. Vita tena. Halafu jiko la chombo cha angani. Nikamshika Bi Iwasawa mkono.

Kwanza sauti ya kisu, shrr, shrr. Hiyo ni sauti yangu kabisa. Uso wa bibi, mpana kama ukuta. Kidevu. Shingo.

Picha ikaishia hapo.

Nikanyanyuka kidogo kwenye kiti nichungulie chini. Hakuna chini. Kisu kinaendelea, shrr, shrr, figili inamenywa mahali fulani kwenye sakafu ya sinema, na mikono yangu nayo iko huko.

Kilichokuwepo ni rafu. Na juu ya rafu, nyuma ya kichwa cha bibi, kile kisanduku, sasa kikubwa kama basi. Ubavuni kina chapa: duara, na mistari mitatu ndani yake. Kwenye televisheni ya juu ya friji ilikuwa doa tu. Hapa hata kipofu angeisoma. Ni chapa ya duka la tofu la Iwasawa, ile iliyo kwenye pazia la mlango wake, kwenye aproni yake na kwenye baiskeli yake ya kupelekea tofu.

Mama wa duka la chai ndiye aliyeiona kwanza. Akasema, si kwa sauti ndogo:

"Jamani, Bi Iwasawa kafika Zohali."

Safu nzima ikapiga makofi. Vijana wa mbele nao wakapiga, bila kujua ni ya nini. Bi Iwasawa akaziba mdomo kwa leso. Mimi bado nilikuwa nimemshika mkono. Sikujua namna ya kuuachia.

Mwishoni yakapita majina. La Morio lilipita haraka, lakini jina la mwanangu nalikamata hata likikimbia. Nikasimama nikawaambia vijana: huyo hapo, wangu. Mmoja wao akavua kofia akaniinamia. Kalelewa vizuri.

Nje, Morio akasema. Ule mwaka wa chuo cha kuchora, niliodhani anakula, alikuwa hali. Bi Iwasawa alimpa tofu kila siku mlango wa nyuma, ndani ya kisanduku kile, akamkataza asiniambie nisije nikaona haya. Ndiyo maana alikichora. Alidhani hakuna atakayekiona ila yeye.

Nilitaka kukasirika. Nikatafuta pa kuanzia, nikakosa.

Bi Iwasawa akanisogelea. Nikajiandaa kwa habari ya kucha. Akasema:

"Mama Morio, kisu nimekisikia. Hakikusita hata mahali pamoja."

Tukala chakula chetu bustanini. Walikubaliana mwakani ni Hakone, na hakuna aliyenitazama wakati wa kunyoosha mikono.

Jumatano, 24 Agosti

Jana nimempelekea Bi Iwasawa achari, ya shukrani, bila ujanja wowote. Hata sijamaliza kuvua viatu, karudisha tofu. Nikapeleka plamu. Karudisha tofu ya kukaanga. Leo asubuhi nimepeleka pipa. Kimya mpaka sasa. Nafikiri anaumia.

Morio kapiga simu. Filamu imenunuliwa na televisheni, wataionyesha mwaka mpya, nchi nzima, mpaka Hokkaido kwa dada yangu. Ila kwa kuwa filamu ni pana na televisheni ni karibu mraba, lazima inyolewe tena, safari hii ubavuni. Mwanangu akasema wazi kwamba mikono haimo tena kwenye filamu, imekwisha kuondoka, kwa hiyo hakuna kitu changu humo, naomba Mama utulie. Nikamwambia nimetulia. Nikamuuliza kama anakula, kama anavaa soksi kavu, huyo wa televisheni atakayenyoa anaitwa nani, na kama godoro lake la futoni analianika juani. Akajibu yote. Anaitwa Kanamori.

Figili za kwanza za msimu bado ndogo, lakini biringanya zipo. Nimeosha pipa kubwa.

Kanamori akipiga simu kuniuliza abakize kushoto au kulia, hatanikuta nimesinzia. Kushoto. Ukitoka stesheni duka letu liko kushoto, na hakuna anayelikosa. La Bi Iwasawa liko kulia.