Uji wa Baraka kwa Farasi wa Bwana Kirit

Jumatatu, 3 Machi 1969

Wacera, kama ni wewe unasoma hii, weka chini na uende uoshe sufuria. Nilikufunza heshima, sikukufunza kuchungulia.

Mwalimu wa ngumbaru, yaani shule yetu ya watu wazima, alituambia tuandike kila siku. Mimi naandika kwa Kiswahili, kwa sababu jirani yangu Magdaline hajui Kiswahili cha kusoma. Anajua cha kusengenya tu.

Habari ni hii. Bwana Kirit, yule Mhindi aliyenunua shamba la mzungu hapa Endarasha, anatafuta kijana mmoja wa kufanya kazi na farasi. Mjukuu wangu Wacera amemaliza darasa la saba na hana kazi. Baba yake, Mutahi, ambaye nilimzaa mimi mwenyewe, atakuja kutoka Tetu Jumapili baada ya kanisa. Asipomkuta na kazi atamchukua akachume chai. Chai! Msichana anayepanda punda bila tandiko kama amezaliwa hapo juu.

Wacera ana jina langu, kama inavyotakiwa kwa msichana wa kwanza wa mwanangu. Kwa hivyo atakayepelekwa Tetu ni mimi. Siendi.

Magdaline anasema kazi ni ya mjukuu wake Theuri. Ati Theuri ana viatu virefu.

Jioni Wacera amerudi na maji akinuka vibaya. Nimemwambia huo mto umeharibika.

Jumanne, 4 Machi

Tumeenda kwa Bwana Kirit, mimi mbele. Mkubwa wa zizi anaitwa Kingori, mtu mfupi, anaongea na farasi zaidi kuliko na watu. Tulipofika tu akasema, "Karibu, Wacera." Nilishangaa. Sikujua jina langu limefika mpaka huko.

Nikamuuliza kijana anaanzaje hii kazi. Akasema anaanza na beleshi. Kwanza anatoa mavi. Kisha anabeba maji, anapiga brashi, anajua huyu farasi anaogopa nini na yule anapenda nini. Kupanda ni baadaye, farasi akishamzoea.

Nikamwambia mjukuu wangu hakusoma miaka yote hiyo ili abebe mavi. Awekwe juu moja kwa moja, mavi yabebwe na watu wa chini. Akaniuliza kama nimewahi kupanda farasi. Nikamwambia sijawahi, lakini najua mtu anayefaa kuwa juu nikimwona.

Nikageuka, Wacera ameshika beleshi! Nikamnyang'anya. Farasi mmoja mwekundu akaja kumnusa kichwa kama shangazi yake. Ni heshima kwangu, nafikiri.

Kingori amesema vijana wote wawili waje Jumamosi, Bwana Kirit awaangalie.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Nimemshonea Wacera suruali kutoka koti la mvua la marehemu mzee wangu. Inapiga kelele akitembea, lakini ni suruali. Punda nimeazima kwa Magdaline. Sikumwambia, alikuwa bado amelala.

Nikamwambia Wacera akae kidevu juu, asiangalie watu. Akasema, "Cucu," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "punda anaenda." Nikamwambia nyamaza, ni kazi ya punda kuenda.

Punda akaenda mpaka kwao. Magdaline alikuwa amesimama kwa lango na mikono kiunoni. Akasema hata punda wake anajua mali ya nani ni ya nani. Nikamwambia nilikuwa namrudisha, na kwamba anahitaji kwato zikatwe. Nimerudi nyumbani kichwa juu. Wacera alikuwa anacheka ndani ya suruali.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika pole pole.

Theuri alianza. Viatu kweli ni virefu. Alizunguka uwanja, hakuanguka. Magdaline alipiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

Ikawa zamu ya Wacera, kwa yule farasi mwekundu. Nikamtemea mate kifuani, kumbariki, kama mama yangu alivyonifanyia. Hapo hakuna makosa. Lakini nikafikiri, hii kazi ni ya watu wawili, yeye na farasi. Utabariki mmoja umwache mwingine? Nilikuwa na kibuyu cha uji. Nikajaza mdomo vizuri, nikambariki farasi usoni.

Farasi alisimama kwa miguu miwili. Akavunja ua, akaingia kwenye kabichi za Bwana Kirit. Theuri akamkimbiza akipiga kelele, na farasi akakimbia zaidi. Bwana Kirit alishika kichwa chake. Kingori alisema maneno ambayo hatujafunzwa ngumbaru.

Wacera hakukimbia. Alichukua ndoo ya pumba, akatembea kama anaenda dukani, hamwangalii hata farasi. Akasimama mbali kidogo, akatikisa ndoo. Farasi akaja mwenyewe. Akampangusa uji machoni na kitambaa chake cha kichwa, akamrudisha zizini. Halafu, bila kuambiwa, akachukua beleshi.

Bwana Kirit akauliza amejifunza wapi. Kingori akasema huyu msichana huja kila jioni tangu Krismasi, anatoa mavi, na hajaomba kitu. Mimi nilijua anaenda mtoni! Basi si mto uliokuwa unanuka.

Jumapili, 9 Machi

Mutahi amekuja na amerudi Tetu peke yake. Kazi ni ya Wacera. Ataanza na beleshi na ndoo, na mvua ikiisha atapanda farasi asubuhi kwa mazoezi. Akiendelea vizuri ataenda nao mashindano Nairobi. Kanisani nilikaa mbele. Magdaline alisema ati ni bidii ya msichana. Bidii gani? Farasi akibarikiwa lazima arudi, na alirudi. Ni nani alimbariki?

Kingori ametuma salamu kwamba nisionekane tena kwa lango lake. Nimesikia. Kuna lango lingine upande wa juu.

Kosa langu nimelijua. Uji ulikuwa baridi. Na kwa hii baridi ya Endarasha, wewe ungeupenda?

Na wale farasi wengine bado hawajabarikiwa. Wacera, najua unasoma. Kesho amka kabla ya jogoo, chemsha uji, uache uwe vuguvugu, ujaze kile kibuyu kikubwa.