Mwalimu Asiye na Leseni

Jumatatu, 6 Mei
Balaa. Baba mkwe amepangiwa upasuaji wa jicho Jumamosi saa mbili asubuhi. Akichelewa, nafasi nyingine ni mwakani, na daktari amesema jicho halitangoja. Gari analo, ila haoni vizuri. Mbele ya ukoo mzima akanikabidhi funguo, akasema anamshukuru Mungu binti yake aliolewa na mwalimu wa udereva. Wote wakaitikia. Hata mimi niliitikia.

Ukweli, na usitoke humu: nafundisha alama za barabarani na aina za magari, ubaoni tu. Miaka tisa sasa. Gari sijawahi kuendesha, leseni sina. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jumanne, 7 Mei
Nimepata mpango. Nilikwenda shule ya udereva iliyo upande wa pili wa mji. Kofia, miwani ya jua. Nikajiandikisha kama fundi cherehani. Mkufunzi ni dada mmoja mpole, rika la wanafunzi wangu. Gari lilinizimikia mara saba. Mara ya nane likaondoka, ila kinyumenyume, likalalia ua wa shule. Nikamweleza kwamba alama yao ya kusimama imewekwa chini mno. Akauliza kama cherehani yangu ina breki.

Jumatano, 8 Mei
Sikurudi kule. Viganja vinatoka jasho mpaka chaki inateleza. Mwanafunzi akauliza mtu anajuaje wakati wa kubadili gia. Nikamfokea kwamba swali hilo halimo kwenye mtihani.

Alhamisi, 9 Mei
Mpango bora zaidi. Nimefunga bendeji mguu wa kushoto, nikasema nimeteguka ngazini. Bila mguu huo klachi haikanyagiki, na nani atamlaumu mgonjwa? Nikachechemea hadi kwa baba mkwe. Akanipa pole nyingi. Kisha akasema afadhali nimeumia huo, maana gari lake halina klachi, mguu wa kushoto ni abiria tu. Somo hilo mimi hulifundisha kila muhula, wiki ya pili.

Ijumaa, 10 Mei
Nilitaka kumwambia mke wangu. Nikafungua mdomo, nikaomba chumvi. Akijua, atanitazamaje? Na baba yake je? Halafu nikalifikiria jicho la mzee, nikajionea aibu zaidi. Chumvi ilizidi, nikala hivyo hivyo.

Jumamosi, 11 Mei
Saa moja na nusu. Mzee kakaa nyuma na bahasha yake ya hospitali mapajani, anaogopa. Mimi kwenye usukani. Nikarekebisha kioo cha kulia. Kioo cha kushoto. Kiti. Nikarudia kioo cha kulia. Dakika kumi na moja zikapita. Mzee akauliza taratibu kama bado tuko nyumbani.

Mke wangu akafungua mlango wa upande wangu. Akasema mguu wangu unahitaji kupumzika, nisogee. Akatoa leseni kwenye mkoba. Leseni! Ana miaka miwili nayo. Nilipomuuliza kwa kunong'ona kwa nini alinificha, akasema alijua mimi sina, akaona vibaya kunifedhehesha kwa baba yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe nimeishi na huruma yake muda wote huo nikidhani ni heshima.

Tulifika saa mbili kasoro tano. Upasuaji umekwenda salama. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikaapa kwamba kuanzia leo nasema kweli tu.

Jumapili, 12 Mei
Ndugu walijaa kumjulia hali mzee. Bendeji jichoni, furaha tele. Akasema binti yake anaendesha kwa utulivu mpaka yeye alisinzia, na kwamba dereva wa namna hiyo hajitokezi tu, lazima ana mwalimu. Wote wakanigeukia. Mke wangu naye akanitazama, akangoja. Alinipa muda wa kutosha kabisa.

Nikasema mwanzoni alikuwa mzito kuelewa, lakini nilimvumilia.

Makofi. Mzee akaniomba nimfundishe na shemeji, barabarani kabisa, si ubaoni. Nikakubali. Anaanza kesho saa kumi jioni. Mke wangu hajanisemesha tangu mchana. Nadhani ameona wivu.