Bwawa Langu na Mbuzi wa Ntheo

Jumanne, 19 Oktoba 1999

Jirani yangu Musembi amemaliza tangi lake la mawe. Mfereji wa kukingia maji ameuweka upande wa barabarani, makusudi, kila anayetoka Kathiani auone. Eti ni wa kusaidia majirani. Maringo tu!

Na wakwe wanakuja tarehe thelathini kuleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya binti yangu Ndanu. Bila mbuzi hao, huyo Levi wake hajachumbia mtu, ni kijana wa kupita tu. Watapita kwa mfereji wa Musembi, kisha waingie kwangu waone nini? Ndoo na kuku mmoja.

Nimeamua. Bwawa! Hapo bustanini, mbele ya nyumba, na bata juu yake. Si la simiti, simiti ni ya watu wasiofikiri. Redio imesema leo kwamba udongo wa mfinyanzi unashika maji wenyewe. Ilikuwa karibu kueleza unavyotengenezwa, betri zikaisha. Si neno. Nimekandika nyumba maisha yangu yote.

Jumamosi, 23 Oktoba

Shimo tayari. Sukuma wiki ya mke wangu Munyiva imeondoka yote. Nimemwambia ilikuwa imezeeka. Amesema wageni wakinikuta shimoni, chakula changu atanirushia humo humo.

Udongo nimeutoa bondeni kwa wilibaro ya Musembi. Aliuliza ni ya nini. Mbolea, nikasema. Nimekandika, nimelainisha kwa kiganja mpaka ukang'aa. Kazi safi! Sasa ukauke vizuri, kama ukuta.

Jumatano, 27 Oktoba

Ala! Nyufa! Mkono unaingia mpaka kiwiko. Nimemwaga maji yote ya Munyiva, yakapotea kabla sijageuka. Jioni tumekula mihogo ya kuchoma kwa sababu hakukuwa na maji ya kupikia.

Ndanu amefika kutoka kazini kwake Machakos mjini. Ameliangalia shimo, akaniomba polepole nilifukie, nisimharibie siku yake. Anampenda huyo Levi, masikini. Nilimhurumia kabisa. Nikaahidi.

Kisha nikanunua betri, na kipindi kikarudiwa! Kumbe udongo haukaushwi. Unaloweshwa, halafu unakanyagwa na mifugo mpaka uwe laini kama unga wa chapati uliokandwa. Mifugo! Mimi niko na kuku. Lakini hebu ngoja. Nani anakuja Jumamosi na mbuzi watatu?

Jumamosi, 30 Oktoba

Nililowesha udongo alfajiri, nikatandaza nyasi juu ili Ndanu adhani nimefukia. Akanishukuru.

Wageni wakafika, suti na vitenge, mbuzi watatu wanono kwa kamba moja. Kabla hawajaketi nikasema nawapeleka mbuzi kivulini. Wa kwanza akazama mpaka tumboni, akalia kama anachinjwa kabla ya wakati. Wenzake wakamfuata, kamba ni moja. Mzee Jeremiah, mjomba wa Levi, akakimbia kuwaokoa, akapita juu ya nyasi. Wah! Kofia tu ndiyo iliyobaki safi.

Levi akaruka. Ndanu akavua viatu akaruka, huku analia. Musembi akaja na kamba yake, mwenye furaha sana. Wakavutana humo, mbuzi, wakwe na jirani. Mimi nilisimama kando nikiwaomba wakanyage pia ile kona ya jikoni. Sijui kwa nini hilo liliwaudhi.

Wote wakaoshwa kwa mfereji wa Musembi. Mbuzi pia! Wazee wa akina Levi wakasimama kando wakisema mbuzi warudi nyumbani na wao. Ndanu akaniangalia. Nilitamani ardhi inimeze, na pale ingeweza. Mama Levi ndiye aliyeokoa siku. Alisema mbuzi wameshaingia boma la Ndambuki, ndiye mimi, wengine wameingia mpaka chini, hawatoki tena. Wazee wakacheka. Mbuzi akachinjwa, ntheo ikakubaliwa.

Jumanne, 9 Novemba

Mvua! Tangu ile Elnino sijaona kama hii. Bwawa limejaa, halivuji hata tone! Nimemwita Musembi aone. Amesema limejengwa na wakwe. Wivu.

Munyiva haongei nami bado, isipokuwa kuuliza sukuma yake iko wapi.

Ndanu alileta ujumbe juzi. Ndoa ipo. Ila ng'ombe wa mahari hawataletwa kwangu, Mzee Jeremiah ameapa. Watapelekwa Kola kwa ndugu yangu mkubwa, Ndunda, maana boma lake halina shimo. Aliniomba nisibishane, aki Baba, safari hii tu. Nikakubali hapo hapo. Alifurahi mpaka akanikumbatia.

Ng'ombe wana uzito wa maana. Na Ndunda ana kiwanja kizuri nyuma ya jikoni, kimeinama kidogo katikati. Kesho naenda Kola kumsalimia. Wilibaro nimeshaazima.