Mlima Wenye Bata Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Mimi sina wivu. Naliandika hili mwanzo kabisa ili daftari linijue. Tangu asubuhi nimevunja sindano mbili tu.

Chanzo ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Binti yake anafanya kazi kwa kompyuta huku akizunguka nchi za watu, wiki hii huku, wiki ijayo kule. Basi jirani siku hizi anaitwa Mama Viza, na anaitika! Leo kaniletea simu hadi kwenye cherehani. Binti ameketi juu ya jiwe, kompyuta mapajani, nyuma yake mlima una theluji hadi mabegani. Eti ndiyo ofisi yake. Nikasema hongera. Sindano ikakatika: ta!

Na wangu je? Kitindamimba wangu kazi yake si hiyo hiyo? Yuko chumba cha nyuma, anawatafutia wasafiri hoteli dunia nzima. Anawapeleka watu milimani yeye kavaa kaptula ya kulalia. Akili ile kaitoa kwangu, mimi niliyeishia darasa la saba, tena nikiwa wa tatu. Nimemuuliza ng'ambo ataenda lini. Kasema mtandao ni ule ule kila mahali. Nikamwambia mtandao sawa, mlima je? Akacheka, akanitungia uzi kwenye sindano mpya bila hata kuvua vile vidude vyake vya masikioni. Macho yangu siku hizi tundu hayalioni.

Jumanne, 4 Machi

Ulimi hauna mfupa. Msusi wa mlango wa pili kaniuliza kama nimeiona picha ya mlima. Nikajisikia namwambia kwamba wangu naye anaondoka kesho. Kesho! Na kumwambia msusi ni sawa na kubandika tangazo kwenye kila kichwa anachosuka.

Mwanangu kagoma. Kasema kwani yeye ni mali ya wizi hata afichwe? Tena Ijumaa ana kikao na bosi wake, anataka utulivu. Nikamwambia, baba, utulivu gani unaoushinda wa mtu asiyekuwepo? Nikadondosha na chozi, moja tu, la jicho la kushoto, ndilo linalomweza. Kakubali kujificha hadi Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi

Safari imefana! Sanduku nililijaza vipande vya vitambaa. Majirani wameagana naye mlangoni, Mama Viza kamwusia avae soksi mbili mbili. Nililia kweli kweli, hata msusi akanishika bega. Mwanangu akakata kona, akazunguka uchochoro wa nyuma, akaruka ukuta. Kaikuta chai yake haijapoa. Suruali imechanika, nimeishona.

Alhamisi, 6 Machi

Wanauliza picha. Hawana subira watu hawa.

Lakini fundi hakosi. Kabatini nina masalio ya kitambaa cha mapazia, oda ya mtu fulani mwaka jana: mlima wa theluji, ziwa, na bata watatu. Nikakigongomea ukutani. Nikamvika mwanangu sweta na skafu. Jasho likamtiririka, nikamwambia atulie, watu watadhani ni theluji inayeyuka. Picha ya kwanza nilimkata kichwa. Ya pili bata alimtoka sikioni. Ya tatu, lo! Mtu na mlima wake!

Nikawatumia wote. Chini nikaandika: mrefu kuliko ule. Msusi kasema mwanangu ameshaanza kung'ara kwa hewa safi. Mama Viza akaja mwenyewe. Kaikuza picha kwa vidole viwili, kaitazama kitambo kirefu, kasema kwa upole kwamba mlima mzuri, tena si mgeni machoni pake. Kisha kanialika chai kesho saa kumi, pamoja na wenzetu.

Nimemshinda! Nitavaa gauni la kijani.

Ijumaa, 7 Machi

Bora ningevaa gunia.

Mama Viza kaniketisha kiti cha heshima, uso kwa uso na dirisha. Kisha akayafunga mapazia, polepole. Mlima. Ziwa. Bata watatu. Na lile rinda la kulia lililokwenda kombo kwa ajili ya macho yangu. Mikono yangu mwenyewe! Sasa mtu anayeshona mapazia mwaka mzima atakumbuka ya nani na ya nani?

Mama Viza akasema, haya shoga, kumbe mwanao kapiga kambi dirishani kwangu siku zote hizi, na mimi sijamkaribisha hata maji? Msusi alicheka hadi chai ikamtokea puani. Nikajitetea kwamba mwenye kiwanda cha kitambaa naye aliuona mlima huo mahali, hakuuota. Nani anisikie!

Mara mlango ukafunguka. Mwanangu! Kaptula ile ile! Ananitafuta mimi. Kasema kikao kimekwisha, bosi kamruhusu kufanya kazi kutoka nchi yoyote, ataondoka Jumapili ya wiki ijayo. Kumbe ruhusa hiyo aliwahi kupewa mwaka jana akaikataa, maana nani angenitungia uzi? Ila kwa jinsi nilivyouhangaikia mlima wiki hii, kaona leo aiombe tena, aende akauone kwa niaba yangu.

Nikainuka. Nikanyoosha gauni. Nikamwomba Mama Viza arudie ule usia wa soksi, safari hii ni ya kweli.

Jumapili, 16 Machi

Kaondoka. Sanduku lilikuwa na nguo.

Sikulia. Machozi niliyamaliza Jumatano ile. Alipokata kona nilikwenda uchochoro wa nyuma, kuangalia tu kama mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Nikasimama kidogo. Chai yake imepoa.

Cherehani kaniachia imetungwa uzi. Kanisihi nisivunje sindano mpaka arudi.

Jumanne, 25 Machi

Picha imekuja! Mlima wa kweli, na hauna bata hata mmoja. Nikakimbia nayo kwa Mama Viza, kandambili moja mguuni, nyingine njiani.

Nikamkuta nani sebuleni? Binti yake! Karudi. Kompyuta mezani, kazi zile zile, miguu mapajani kwa mama yake. Kasema milima imemchosha, mtandao ni ule ule kila mahali. Mama Viza picha yangu kaitupia jicho moja tu. Kisha akatuhadithia jinsi binti anavyomkanda mgongo, anavyomsomea vibandiko vya dawa, anavyomuuliza mama umekula. Kamalizia kwamba mtoto wa kumwona kwenye kioo cha simu, mtu anajivunia nini? Hebu msikieni! Mama Viza huyo huyo!

Nikarudi, nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga kwa hasira. Ta! Ile ile aliyoitunga yeye.

Nadhani nilipiga kelele, maana binti alitokea kutoka upande wa pili wa ukuta. Kaweka sindano mpya, katunga uzi kwa mkupuo mmoja, kaniuliza mama umekula. Mtoto mzuri, kalelewa. Nimemshukuru. Kifua kimeniwaka hadi sasa.

Jumatano, 26 Machi

Mimi sina wivu. Ila leo nimegundua kwamba naumwa mguu. Upi, nitaamua kesho.

Mwanangu akiniona nimelazwa, wiki haiishi atakuwa hapa, na nitamtembeza mtaa mzima, Mama Viza aone mtoto wa kurudi ni yupi. Hospitali tayari ninayo: shuka jeupe, nimeligongomea ukutani, mimi nitalala mbele yake na bandeji. Msusi atapiga picha. Nimemwapisha asimwambie mtu, naye kaapa.

Shuka lenyewe nimelitoa kitandani kwa mwanangu. Lina alama ya pasi pembeni, aliiunguza mwenyewe, lakini nani ataitambua? Nimelikagua mbele na nyuma.

Halina bata.