Hadithi ya Rubani Haiibiwi

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza daftari jipya. La zamani Kidoti amelitafuna nusu. Meno yanamtoka mwanangu, hachagui: kijiko, shuka, kidole cha mama yake.

Habari kubwa! Ukutani pa duka la dawa kuna tangazo. Siku tatu za mazungumzo kuhusu kutengeneza tamthilia za televisheni, na namna ya kuingia kwenye kazi hiyo. Siku ya mwisho kila mtu atasimulia hadithi yake kwa dakika mbili mbele ya watayarishaji. Mmoja atachukuliwa studio miezi sita kujifunza kuandika. Mmoja! Nimetazama kushoto, nimetazama kulia, nikalibandua tangazo. Washindani wa nini?

Nikichaguliwa, mimi na Kidoti tunahama hapa kwa mama mkwe. Chumba chetu wenyewe, baba yake akirudi safari atukute huko. Mama mkwe ni kiziwi mwaka wa nne sasa. Ajabu, juzi nilimnong'oneza Kidoti kwamba bibi yake anaficha sukari chini ya kitanda. Kesho yake sukari ikawa imehama.

Alhamisi, 7 Machi

Ukumbi umejaa hadi ngazini. Kumbe na redio imetangaza! Redio utaibandua vipi?

Wifi, tunayekaa naye hapa kwa mama yake, nimemdanganya kwamba nampeleka Kidoti kliniki.

Aliyezungumza leo ni mwandishi wa tamthilia, mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Akasema tuandike ya majumbani mwetu, hadithi nzuri zimelala jikoni. Watu wote wakaandika maneno hayo. Mimi sikuandika. Jikoni kwetu kuna nini? Ndoo, nepi na masizi. Hadithi yangu ni ya rubani tajiri aliyepoteza kumbukumbu, helikopta yake ikaangukia kasri la pacha wake asiyemjua. Ndege sijawahi kupanda, lakini nimeziona zikipita. Nyingi tu.

Kiti cha pembeni yangu alikaa dada mwenye miwani mikubwa. Nilipokwenda chooni alinishikia Kidoti. Akaniambia, "Mdogo wangu, huyu mtoto ana macho ya kutazamwa." Mtu mwema sana, yule Miwani.

Ijumaa, 8 Machi

Miwani si mtu mwema!

Leo alizungumza mwanasheria. Akatuonya kwamba hadithi huibwa, tusimwambie mtu kabla hatujaiandika na kuiwekea saini. Hajamaliza vizuri, Miwani akaniinamia, akauliza yangu inahusu nini. Nyoka! Na miwani kavaa aone vizuri pa kuuma.

Lakini mjanja ni mimi. Nikamtupia takataka, ya kwanza iliyonijia mdomoni: mama mkwe anajifanya kiziwi miaka minne ili asikie anavyosengenywa. Mkwewe anashtukia, naye anaanza kunong'ona uongo makusudi ili amnase. Nikatia na ile sukari. Miwani alicheka hadi miwani ikamdondoka. Akauliza kama kesho nitasimulia hiyo. Nikamwambia hiyo? Chukua dada, nakuachia, mimi ninayo ya maana.

Amenasa! Nimerudi nyumbani nikimwimbia Kidoti njia nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi wifi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Kliniki gani hii ya kila siku? Mtoto anasomea udaktari?" Nikapita kama sikusikia. Uziwi umeniambukiza.

Watayarishaji walikuwa watatu, nyuma ya meza ndefu. Miwani aliitwa kabla yangu. Akasimulia kiziwi wake, na sukari yake. Ukumbi mzima mbavu hauna! Mtayarishaji mnene akafuta machozi, akasema huyo ni mama mkwe wake yeye mwenyewe kabisa, kahamia lini kwenye hadithi?

Zamu yangu. Kidoti mgongoni. Nikafungua mdomo, nikamkumbuka mwanasheria. Nikawaambia nitataja rangi ya helikopta tu, mengine watayapata wakishatia saini. Mtayarishaji mnene akanibembeleza: "Dada, hapa hakuna mwizi, simulia tu." Nikamjibu wezi wote husema hivyo. Kengele ikalia, dakika mbili zimekwisha. Aliyepiga makofi ni Kidoti peke yake.

Miwani ndiye aliyechukuliwa. Alikuja akanikumbatia, akasema asante mdogo wangu, bila wewe ningesimama pale na nini? Nikatabasamu. Ningemshitaki kwa lipi? Nilimpa kwa mdomo wangu.

Njiani Kidoti alikuwa ananifuta mashavu kwa mkono wenye mate. Alidhani ni mchezo.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nikipika uji nimemnong'oneza Kidoti mambo yote. Tangazo, kliniki ya uongo, Miwani, kiziwi kwenye televisheni. Mlango wa mama mkwe ulikuwa umefungwa. Sauti ikatoka humo ndani, safi kabisa: "Na huyo wa kuniigiza awe mwembamba!"

Mwiko ukanidondoka. Miaka minne!

Basi, hapa nilipo ndipo nilipo, na ndoo zangu. Lakini nimekaa nimetafakari. Kosa langu nimeliona: rubani mmoja hatoshi. Nimemwongeza wa pili, na helikopta ya dhahabu. Kwenye mazungumzo mengine waliyotutangazia jana, hadithi nitaifunga ndani ya nepi, hakuna mwizi wa kufika huko.

Mchana wifi alikuja kuchungulia. Eti ninaandika nini siku zote hizi? Nikafunika daftari haraka. Ili nimpoteze njia nikamtupia takataka nyingine: mama mmoja mjinga aligawa hadithi yake nzuri akang'ang'ania mbovu, akirudi nyumbani kiziwi anamjibu. Wifi alicheka akakaa chini. Akaomba kalamu. Akauliza mazungumzo mengine yatakuwa lini.

Nimempa kalamu, nimempa tarehe, nimemchania na karatasi nne juu yake. Aandike tu. Nani atatazama mambo hayo? Hayana hata helikopta moja.