Jinsi Nilivyomsaidia Renard Kurekodi

Jumatatu, 9 Machi 1998

Bendi ya mwanangu Renard inaingia studio Jumatano. Albamu nzima! Nyimbo kumi na mbili za swingi, ule muziki wa dansi wa enzi za baba yangu, na jazi ndani yake. Vijana wote hawa wa Los Angeles wanavaa suruali pana na kofia kama za baba. Baba alivaa kwa sababu hakuwa na nyingine.

Kuna wimbo mmoja wa taratibu. Katikati vyombo vinashuka, kimoja kinabaki peke yake. Ama tromboni ya mwanangu, ama tarumbeta ya Paulie Fusco. Skip, kiongozi wao, ndiye ataamua. Renard halali kwa ajili ya hiyo solo. Sasa na mimi silali.

Mtoto huyu alikuwa na pumu. Daktari alisema apulize kitu, mapafu yapanuke. Nikampa tromboni ya marehemu baba yake. Miaka kumi na minane anapuliza, na kila noti ndefu mimi nabana pumzi mpaka aimalize. Siwezi kujizuia.

Kaniambia, Mama, nakuomba, safari hii usinisaidie. Nikamuuliza, lini mimi nimewahi kukusaidia? Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikamwambia mayai yanapoa.

Jumanne, 10 Machi

Nimesikia kanisani kwamba Bi Fusco, mama yake Paulie, anapeleka biskuti za lozi studio. Mtu mzima anahonga kwa biskuti! Mimi si wa kuhonga. Mimi napika gumbo tu, mchuzi mzito wa kwetu.

Kuku, kamba, soseji. Unga nimeukoroga kwenye mafuta dakika hamsini mpaka ukawa rangi ya kahawa. Mkono umekufa ganzi. Pilipili kama kwetu Louisiana. Kisha nikaogopa wataliona limepooza. Nikaongeza. Nikaonja. Nikaongeza tena.

Jumatano, 11 Machi

Aibu! Sijui nianzie wapi.

Wanarekodi kizamani. Wote kumi chumba kimoja, maikrofoni moja katikati. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Mwenye sauti kubwa anasimama mbali, kwa hiyo mwanangu kawekwa mlangoni kama mlinzi. Nikamlalamikia Skip. Kajibu kwa adabu kwamba, mama, tromboni ikisogea hapa tutasikia tromboni peke yake. Nikamwambia hicho ndicho ninachotaka.

Mchana nikapakua. Walikula! Skip alirudia mara tatu, jasho linamtiririka, anasema mama utatuua. Nikadhani ni sifa.

Saa nane wakashika vyombo. Paulie kaweka tarumbeta mdomoni, akaiondoa kwa ukelele. Midomo imemvimba kama kaumwa na nyuki. Skip na saksafoni yake, hivyohivyo. Wapulizaji wote wameketi na barafu midomoni. Isipokuwa mmoja: Renard, aliyekula pilipili hiyo tangu hana meno.

Bi Fusco, aliyekuwa ameketi pembeni na biskuti zake hazijaguswa, akasimama katikati ya chumba. Kasema nimemtilia mwanawe pilipili kusudi, kasema hata nyoka ana haya. Nikaapa kwa Bikira Maria. Kasema nisimtumbukize Bikira kwenye sufuria langu.

Skip, kwa midomo ileile, akasema basi solo ni ya Renard, nani mwingine anaweza kupuliza? Ushindi!

Renard akasema hapana. Hachukui kitu kwa njia hiyo. Paulie apone, wacheze wote wawili, achaguliwe aliye bora. Hakunitazama.

Alhamisi, 12 Machi

Renard haongei na mimi. Nikimpa kahawa anasema asante, basi. Asante yenyewe baridi.

Nimekwenda kwa Bi Fusco. Mara mbili nilifika mlangoni nikarudi garini. Mara ya tatu akafungua kabla sijabisha, akasema ingia, majirani watadhani unauza Biblia. Nikamwambia sikukusudia, mwenzangu, nilitaka tu wampende mwanangu. Akaweka kahawa. Kisha akasema zile biskuti alizikausha makusudi, maana asiye na mate hapulizi. Nane alikuwa amemtengea Renard! Tulicheka mpaka akavua miwani.

Kesho tunakwenda pamoja. Mikono mitupu.

Ijumaa, 13 Machi

Skip katuruhusu kwa masharti. Viatu nje. Bangili nje. Viti viwili ukutani, na taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka hata kukohoa marufuku.

Paulie akaanza. Alicheza vizuri, nakiri.

Zamu ya Renard. Vyombo vikashuka. Akavuta pumzi, nami nikavuta. Noti ya kwanza ndefu, kama mtu asiyetaka mgeni wake aondoke. Ya pili ikaingia kabla hajapumua. Nikamwona yule mtoto wa miaka sita, kaketi kitandani anatafuta hewa. Nikabana. Nikabana. Ukuta ukaanza kuzunguka.

Mengine nimesimuliwa. Nilianguka ubavu. Ningepiga sakafu, kishindo kingeingia kwenye maikrofoni, na mchezo wa mwanangu ungeharibika. Bi Fusco alihitaji tu kutulia, mwanawe ashinde. Akanidaka! Mwanamke wa miaka sitini na mgongo mbovu, kanishika makwapa, kiti kakizuia kwa mguu, kaganda hivyo mpaka taa ikazimika. Hata kuguna hakuguna.

Nilipofungua macho Renard kapiga magoti, kanishika uso kwa mikono miwili. Anasema pumua, Mama, pumua.

Jumapili, 15 Machi

Solo ni ya Renard! Skip kapiga simu. Paulie kapewa wimbo wa kufungulia albamu, na Bi Fusco anasema huo ndio watu watausikia kwanza. Mwacheni. Nimembusu mashavu yote mawili kanisani, padri anatazama.

Renard kaniketisha. Kasema, umeona, Mama, nilifika mwisho na mapafu yangu mwenyewe, sasa acha kunibania pumzi. Nikamwambia kweli, mwanangu, nimejifunza.

Kisha nikalifikiria jambo hilo nikiosha vyombo. Miaka kumi na minane nimekuwa nikibana kidogo tu, naye anacheza kawaida. Ijumaa nimebana mpaka nikazimia, naye kacheza kuliko siku zote. Hiyo si bahati.

Julai wanazunguka miji kumi na tisa kwa basi. Nimemuuliza Bi Fusco kama mgongo wake utaweza kunidaka kote huko. Kasema miji kumi na tisa ni mingi, itabidi tuzimie kwa zamu.

Renard bado hatujamwambia.