Kukombolewa kwa Mfuniko wa Mama Maziwa

Njooni, enyi wenye masikio na wenye sufuria, wekeni miiko chini mkasikie habari za vita kuu vilivyopiganwa katika jumba la vioo, walimokaa mabwana wa kampuni iliyovuka bahari kuja kutufundisha kuvumbua.

Palikuwa na muuza maziwa, Mama Maziwa, mtiisha mapovu, jemadari wa jiko la mkaa, aliyeutoboa mfuniko wake matundu ya mshazari na kuukunja ukingo, hata maziwa yakichemka yapande, yatishe, kisha yashuke kwa adabu. Mkwewe, mwajiriwa wa kampuni ile, akauazima akawaonyeshe wakubwa. "Nitaurudisha kesho, mama," akaapa. Kesho hiyo haikufika. Mkwe alipandishwa cheo akavishwa tai. Mfuniko ukatiwa kabatini, nyuma ya kioo, ukaandikwa kuwa ni uvumbuzi wa wataalamu wa makao makuu, na mataifa yakaugongea mhuri wa hataza, kwamba asiuige wala asiutumie mtu bila idhini ya kampuni. Mama Maziwa akabaki na mifuniko ya dukani, na kila alfajiri nusu ya riziki yake ikamwagikia motoni, naye akilia kwa hasira.

Basi akajitwika sufuria yake iliyo uchi, akaenda. Mlinzi alimtazama usoni, akaona mshahara wake hautoshi kwa vita vile, akampisha.

"Shikamoo, mama," mkwe akanong'ona, kando ya kabati la kioo.

"Marahaba ya nini? Nilikuoza binti, mfuniko sikukuoza!"

Ndipo akashuka Mwanasheria wa kampuni, simba wa vifungu, ngao ya hataza zote, akanena kwa sauti iliyotikisa vioo:

"Ewe mama! Uvumbuzi huu ulizaliwa ng'ambo, katika maabara safi. Mfuniko wa asili umefungiwa huko katika sanduku la chuma, haujaguswa na mkono wala kuonja moto!"

"Kumbe! Na huu wa kabatini, wenye masizi na maziwa yaliyoungua, ni wa nani?"

Mwanasheria akapiga hesabu. Akisema ni wa kampuni, ataulizwa masizi yametoka maabara gani; akisema ni wa mama, kibarua kimeota nyasi. Akachagua njia ya mashujaa.

"Huo ni... takataka tu."

"Basi nipeni takataka zangu, baba, zisije zikawachafulia kioo."

Mkwe akalifungua kabati. Mama Maziwa akaupokea mfuniko, akaufuta kwa kanga, akaugeuza huku na huku kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

"Lakini tahadhari!" Mwanasheria akamfuata hadi mlangoni. "Ukiufunika juu ya sufuria, umetumia teknolojia yetu bila idhini. Ni kosa hilo!"

"Nishitakini. Na hao askari mtakaowatuma, waambieni waje na vikombe."

Kampuni ikabaki na mhuri, faida na mabara yote. Lakini na iandikwe katika tarikhi, wasome wajukuu: alfajiri iliyofuata, mbele ya dola zote za dunia, mwanamke mmoja alichemsha maziwa yake mwenyewe kinyume cha sheria, na hayakumwagika hata tone.